Yanzi Nane na Alama ya Kijani

Kama gazeti la Jumamosi iliyopita lilifungiwa samaki kabla hujalisoma, shika haya machache, mengine utayaokota njiani.

Mimi ni Meng Zhaolin, muuza miwani wa hapa Dezhou. Mji mzima hununua macho kwangu, lakini siku ya kununua gari mimi mwenyewe sikuona kitu. Nilinunua Yanzi nyeupe, yaani Mbayuwayu, lile gari la umeme ambalo nusu ya mji wanalo, na tangu hapo kampuni imeshatuita mara tatu turudishe magari yakarekebishwe. Kwanza mikanda. Pili taa. Tatu honi, ambayo yangu ilijipigia yenyewe msibani kwa jirani, mpaka marehemu akawa ndiye peke yake asiyegeuka kunitazama.

Pamoja na hayo sikuwahi kulisema vibaya. Sisi wenye Yanzi tuna kundi letu kwenye simu, na mwenyekiti wetu, Bwana Diao, ameweka sheria moja tu: anayeisema vibaya Yanzi anatolewa. Faida ya kundi ni kwamba mwanachama akiozesha, wenzake humpa msafara wa harusi bure, Yanzi nane nyeupe zimefungwa utepe mwekundu. Nami nilikuwa namwozesha mpwa wangu Qiaoyun, binti wa marehemu dada yangu, niliyemlea tangu akiwa na mapengo ya meno ya utoto.

Tuliachana pale redio ilipotangaza, jioni ya kuamkia harusi, kwamba Yanzi zimeitwa mara ya nne. Safari hii ni milango. Komeo lake, walisema, laweza kujiachia gari likiwa mwendoni.

Haikupita muda simu yangu ikalia. Alikuwa mama yake bwana harusi, Mama Jiaping, mwenye duka la mikate ya mvuke kule Yucheng, mji wa jirani, ambako karamu ilipangwa.

"Mkwe," akaniambia, "umesikia redio?"

"Redio inasema mengi, mkwe."

"Mtoto wa kiume ninaye mmoja. Kwenye hayo makopo hapandi mtu mpaka yatengenezwe."

Nikamtuliza. Nikamwambia siku hizi matengenezo yenyewe huja kwa njia ya hewa. Unabonyeza kitufe, gari linasasishwa lenyewe, na likimaliza kioo cha kompyuta yake kinaonyesha alama ya kijani. Hata fundi hachafuki mikono.

"Vizuri," akasema. "Basi kesho nataka kuiona hiyo alama ya kijani, magari yote manane. Na jambo la pili unalijua."

Nililijua. Huku kwetu mwali huingia ukumbini kabla ya saa sita ya mchana. Anayeingia baada ya hapo ni mwanamke anayeolewa mara ya pili. Na Qiaoyun wangu alikuwa ameshawahi kuchumbiwa, uchumba ukavunjika, na midomo ya Yucheng ilikuwa bado inautafuna.

"Mimi nimewaambia watu huyu ni msichana wa watu, hajaolewa popote," Mama Jiaping akasema. "Nimegombana na mawifi zangu watatu kwa ajili yake. Akifika kabla ya saa sita, nitasimama mlangoni nimpokee na kumwita mwanangu. Akifika baada ya hapo, mkwe, karamu atakula, lakini mimi mlangoni hamtaniona."

Akakata simu. Nilikaa na simu mkononi. Mtoto asiye na mama alikuwa anatafutiwa mama, na mama mwenyewe ameweka masharti mawili ambayo yote yalikuwa juu ya magurudumu ya Yanzi.

Mtasema kwa nini sikubonyeza usiku uleule. Nilimpigia Mwenyekiti Diao kumwuliza, akacheka.

"Kaka Meng, Yanzi haina ubovu, ina tabia. Tutabonyeza baada ya harusi."

Nami nikamsikiliza, maana ukitaka kusikia kitu utampata wa kukwambia.

Asubuhi mambo yalikwenda kama siagi. Fataki zililia. Mashosti wa bibi harusi walificha viatu, bwana harusi akavitafuta kwa magoti mpaka akavikuta ndani ya sufuria ya wali. Kisha Jiaping, kijana mwembamba anayefanya kazi ya kuchora ramani za mabomba, akambeba mkewe mgongoni kutoka ghorofa ya sita, maana miguu ya mwali haigusi ardhi tangu kwao mpaka kwa mumewe. Lifti ilikuwa nzima, lakini rafiki zake walimwambia wanaume hawatumii lifti.

Ghorofa ya pili tulisikia mgongo wake ukilia.

"Uko salama, mwanangu?" nikamwuliza.

"Niko salama, mjomba," akajibu, lakini aliingia garini akiwa amepinda na hakunyooka tena.

Tukaondoka, mimi mbele na maharusi nyuma yangu, Yanzi saba zikinifuata. Kila gari lilikuwa na redio ya mkononi, na Mwenyekiti Diao, akiwa gari la pili, hakuipumzisha yake.

"Wapendwa, angalieni tunavyopendeza," alikuwa akisema. "Hakuna moshi, hakuna kelele. Huu ndio usafiri wa wastaarabu."

Tulikuwa na muda wa kutosha, na Qiaoyun alikuwa anacheka. Nikafikiri, Zhaolin, leo umepatia.

Karibu na nusu ya safari tukakuta benchi katikati ya barabara, na wazee kwa akina mama wa kijiji kile wamelizunguka wakitabasamu. Ni haki yao. Msafara wa harusi ukipita, wanauzuia mpaka wapewe peremende na sigara. Nikasimama, na hapohapo simu ikalia. Picha ya video, Mama Jiaping, nywele kazitia mawimbi na joho jekundu kifuani.

"Mkwe, geuza simu niione alama ya kijani."

Kijasho chembamba kilinitoka.

"Mtandao wa hapa mbovu, mkwe. Nakuona vipande vipande."

"Mimi nakuona mzima, mpaka jasho. Alama iko wapi?"

"Tunaikamilisha sasa hivi."

"Hiyo kazi inachukua muda mrefu?" akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichotaka kununua.

"Kidogo tu. Kama kumenya yai."

"Magari yote manane, Meng." Akakata.

Nikaichukua redio. "Mwenyekiti, mambo yamekuwa mambo. Mama mkwe anataka alama."

"Gari gani?"

"Yote."

 Kisha sauti ya Diao ikarudi imejaa uongozi. "Kama ni hivyo, hatubonyezi mmoja mmoja kama watu wasio na chama. Tumesimama, watu wanagawiwa peremende, nafasi ndiyo hii. Yanzi huruka kwa kundi. Wote vidole juu ya kitufe. Nikifika tatu."

"Mjomba," Jiaping akasema kutoka nyuma, "unabonyeza na sisi tukiwa ndani?"

"Unaogopa kitufe, na wewe ni mume wa mtu?"

"Moja," redio ikasema. "Mbili. Tatu."

Tukabonyeza. Yanzi nane, vidole vinane, kwa mpigo mmoja. Na kwa mpigo mmoja Yanzi nane zikazimika. Taa zikalala, feni ikakata pumzi, milango ikajifunga kwa sauti moja, na kwenye kioo kikatokea kiduara kinachozunguka.

"Umeona?" nikamwambia Jiaping. "Inafanya kazi."

Qiaoyun akainama mbele, shela lake likanigusa shavu. "Mjomba, umesoma maandishi?"

"Nimesoma."

"Na yale madogo ya chini?"

Yale madogo sikuyasoma. Ndugu wasomaji, muuza miwani alikuwa ameacha miwani yake nyumbani, juu ya jokofu.

Qiaoyun akanisomea kwa sauti ya upole, sauti ileile aliyokuwa akinisomea ripoti za shule zikiwa mbaya. "Gari halitaendeshwa wakati wa kusasishwa. Milango na madirisha yatabaki yamefungwa kwa usalama wako. Usikatishe zoezi. Muda unaokadiriwa ni saa moja na nusu, au zaidi."

Nikahesabu kichwani. Saa moja na nusu ilikuwa inatufikisha palepale, katikati ya barabara, jua likiwa utosini.

Nje, wanakijiji walikuwa wanangoja haki yao. Bibi mmoja mwenye koti la maua akagonga dirisha na kunyoosha kiganja. Nilikuwa na mfuko mzima wa peremende mapajani, nikauinua kumwonyesha, nikamwashiria dirisha halifunguki. Yeye akaelewa kwamba namtambia. Akawaita wenzake. Punde tukawa na pua kumi kwenye vioo.

"Wachoyo hawa," nikasikia kwa mbali. "Wamekuja na mfuko kutuonyesha tu."

"Bibi, gari limetufungia," nikapaza sauti.

"Anasema nini?"

"Anasema tufunge midomo."

Bibi wa koti la maua akanionyesha ngumi. Nyuma yangu Jiaping akaanza kucheka, mgongo ukamkata, akalia huku anacheka. Qiaoyun hakucheka. Nilimwona kwenye kioo cha juu akitazama saa ya mumewe.

"Mjomba," akasema, "mama amesema atanipokea mlangoni?"

"Amesema."

"Alisema vipi?"

"Alisema atakuita mwanangu."

 Kisha akainama na joho lake lote jekundu, akapapasa chini ya mfuko wa mlango, akavuta kamba fulani ambayo mimi sikujua ipo. Ukucha wenye rangi ukavunjika, mlango ukafunguka. Alikuwa amekisoma kitabu cha gari langu usiku wa kuamkia siku ile, usingizi ulipomkataa. Mimi sijawahi kukifungua hata siku moja.

Tukapashana habari kwa redio, na mmoja mmoja wenye Yanzi wakatoka wakijinyoosha. Diao akaja kofia mkononi.

"Hii ni tabia mpya," akasema.

"Mwenyekiti, leo usiniambie habari za tabia."

Turudi nyuma tukatafute magari mengine? Haiwezekani, msafara wa harusi haukanyagi njia yake mara mbili. Teksi? Kalenda ilisema siku ile ni njema, kwa hiyo wilaya nzima ilikuwa inaoana na kila chenye magurudumu kilikuwa kimefungwa utepe. Hata wakati tunabishana, msafara mwingine ukatupita, magari meusi ya petroli. Mabibi harusi wakabadilishana leso, wao dirishani, wetu kwenye mlango uliofunguka, kama ilivyo desturi furaha mbili zikikutana, lakini kupanda gari la harusi ya mwenzako ni kupiganisha heri na heri. Dereva wao akapunguza mwendo akiniangalia.

"Yanzi?"

"Yanzi."

"Poleni sana," akasema, akaondoka.

Nilikuwa nimeshaanza kutunga maneno ya kumwambia Mama Jiaping niliposikia mlio mwembamba wa betri. Lilikuwa guta la magurudumu matatu, limejaa vitunguu majani virefu kama magongo, na kwenye usukani mama mnene aliyejifunga kitambaa cha bluu kichwani. Alisimama mwenyewe, kwa sababu hakuna binadamu anayeweza kupita Yanzi nane zilizokufa bila kuuliza.

"Mmekufa na nini?"

"Na kitufe," Qiaoyun akasema.

Yule mama, jina lake Gong, alikuwa anakwenda Yucheng sokoni. Nikamwambia tutamlipa chochote.

"Pesa sitaki. Nimetoka shamba tangu alfajiri, nataka kula harusi. Tena nataka meza ya wajomba."

"Hiyo ni meza yangu. Mjomba ni mimi."

"Basi leo wewe utakaa na vitunguu."

Wasomaji, mnajua huku kwetu kiti cha mjomba harusini ni kitu gani. Baba mtu anaweza kukosa kiti, mjomba hakosi. Nikakubali.

Tukatoa kwenye magari mablanketi mekundu ya bibi harusi, tukayatandika juu ya vitunguu. Wanakijiji, walipokwisha kuelewa na kupewa peremende zao, walimnyanyua Qiaoyun kutoka garini mpaka juu ya guta bila unyayo wake kugusa lami. Bibi wa koti la maua ndiye aliyeshika shela. Jiaping tulimlaza ubavuni kwa mkewe. Mimi nikakaa pembeni, na Diao akadandia nyuma akiwa na kofia yake yenye picha ya Yanzi.

"Hili guta la kampuni gani?" akamwuliza Mama Gong, kwa sauti ya mwenyekiti.

"Sijui. Nililikuta kwa shemeji."

"Halijawahi kuitwa kiwandani?"

"Nani aliite? Hakuna anayejua nani alilitengeneza."

Likaondoka. Upepo ukaingia ndani ya shela, harufu ya vitunguu ikatupanda, na Qiaoyun, ambaye tangu benchi lile alikuwa amejikaza, akaanza kucheka mpaka wanja wa macho ukamchafuka. Nilimtazama nikajisikia furaha ya kijinga. Nilimwona tena yule mtoto mwenye mapengo niliyekuwa nikimpakia kwenye baiskeli.

Simu ikalia. Nikaiweka sikioni bila picha.

"Mkwe, mko wapi?"

"Tunakuja."

"Na alama?"

Nikatazama vitunguu vilivyonizunguka. "Mbele yangu ni kijani kitupu, mkwe."

"Zote?"

"Popote ninapogeuka."

"Haya," akasema, na sauti yake ilikuwa imelegea, karibu ya kirafiki. "Basi na mimi nina kitu changu cha kumaliza. Fanyeni haraka."

Jiaping akanikata jicho kutoka kwenye blanketi. "Mjomba, mama yangu hadanganywi mara mbili."

"Hii ni mara ya kwanza."

"Ni ya tatu. Nimehesabu."

Yucheng tukaiona jua likiwa limebakiza hatua chache kufika utosini. Mama Gong alikata kona kwa ustadi ambao sijauona kwenye gari lolote lenye kompyuta, akaingia uani kwa ukumbi, akapiga breki. Tumewahi. Nilitaka kuruka nimbusu.

Lakini kulikuwa na jambo. Wageni wote walikuwa nje. Hakuna aliyekuwa anawasha fataki. Walikuwa wamesimama nusu duara wakitazama mlango wa ukumbi, na walipoligeukia guta letu hakuna aliyecheka, maana walikuwa na kichekesho chao tayari.

Mlangoni kabisa, kati ya nguzo mbili, limeziba mlango kuanzia ukingo huu mpaka ule, lilikuwa limesimama gari la Yanzi jeupe, jipya, lina utepe mwekundu mkubwa juu ya paa. Limezimika. Ndani yake, nyuma ya usukani, Mzee Hou, baba yake Jiaping, alikuwa anapunga mikono akifungua na kufunga mdomo bila sauti.

Na kando yake, ndani ya joho lake jekundu, amesimama Mama Jiaping.

"Meng," akasema polepole, "yai gani hilo linalomenywa saa nzima?"

Nikajifanya nachomoa jani la kitunguu kwenye mkono wa shati.

"Nililinunua kama zawadi yao," akaendelea. "Nilitaka wakishuka tu kwenye gari walikute mlangoni. Redio ilipotangaza nikaingiwa na hofu, nikakuuliza wewe mwenye nalo, wewe mwanachama. Nikataka unitie moyo. Ukaniambia ni kazi ndogo, nami nikabonyeza. Sasa mume wangu yumo ndani kama samaki wa kwenye gudulia."

"Kuna kamba chini ya mfuko wa mlango, mama," Qiaoyun akasema kutoka juu ya vitunguu.

Wote wakamgeukia. Mama Jiaping akamtazama kwa mara ya kwanza, shela limepinda, macho yamechafuka, ukucha umevunjika, magoti juu ya blanketi jekundu. Akalitazama guta na mwanawe aliyelala kama gunia.

"Unanuka vitunguu," akamwambia.

"Ndiyo, mama."

"Umecheka njiani?"

"Nimecheka, mama."

 Mzee Hou aliipata ile kamba, akatoka akiwa amelowa jasho, lakini gari lenyewe halikusogea. Lilikuwa limejifunga magurudumu, na watu sita walilisukuma wakachoka.

"Tupitie jikoni," mmoja wa mawifi akapendekeza, na kwenye mdomo wake kulikuwa na sukari nyingi mno.

"Mwali wangu haingii kwa mlango wa masufuria," Mama Jiaping akasema. "Mnataka mpate la kusema mpaka mwaka ujao?"

Njia iliyobaki ilikuwa moja, kupanda juu ya boneti na kushukia ukumbini. Jiaping alijaribu kunyanyuka, akatoa sauti kama mlango mkavu, akalala tena. Nikajitokeza mimi. Mama Jiaping akanizuia kwa kiganja. Kisha, mbele ya wageni wote na mawifi zake watatu, mwanamke huyu aliyekanda unga miaka yote akavua viatu, akakunja joho, akalisogelea guta na kuinama.

"Panda."

Qiaoyun akampandia mgongoni, mikono shingoni, uso umezama kwenye yale mawimbi ya nywele.   Nilimlea mtoto huyu kwa wali na miwani ya mkopo, lakini mgongo wa mama sikuwa nao.

Mama Jiaping akafika kwenye boneti, akainua mguu mmoja, akauweka juu yake. Kupitia mlango wazi wa ukumbi niliona mishale ya saa ya ukutani, miwili karibu kulaliana.

Na hapo, mguu mmoja juu na mmoja chini, akasimama.

"Meng."

"Naam, mkwe. Pita kwanza, saa hiyo."

"Saa naiona. Nakuuliza kitu, na leo umeshanidanganya vya kutosha. Gari hili nataka kuwapa wanangu. Wataliendesha, na siku moja watampakia mjukuu wangu kiti cha nyuma. Hiyo habari ya milango ni ya kweli au ni ya redio?"

Diao alikuwa nyuma yangu. Nilisikia akikohoa kile kikohozi chake cha mkutano. "Shemeji, Yanzi haina ubovu," akaanza.

"Sijakuuliza wewe, mwenye kofia."

Ninyi wasomaji wangu nimewaambia mengi kuhusu gari langu, mikanda, taa, honi. Moja sikuwaambia hata ninyi. Mwezi uliopita, nikirudi sokoni na mwendo wa kawaida, mlango wangu wa nyuma ulijifungua wenyewe kwenye mzunguko wa barabara, na trei zangu za mayai zikaniaga moja baada ya nyingine. Niliwaambia wenzangu kundini. Nikakuta watatu kati yao yamewapata hayohayo. Diao akatuambia tufute ujumbe, nasi tukafuta, kwa kuogopa kutolewa kwenye kundi la simu. Na asubuhi ile, nikiyajua hayo yote, nilimkalisha mtoto wa dada yangu kwenye kiti kilekile.

Nikawaza kusema uongo wa nne. Ulikuwa mfupi, ungemfikisha ndani kwa wakati. Lakini Qiaoyun alikuwa ameinua uso kutoka kwenye nywele za mama mkwe wake na ananitazama, na macho yale niliyapima mimi mwenyewe tangu akiwa darasa la kwanza.

"Ni kweli," nikasema. "Wangu ulifunguka barabarani. Na si wangu tu. Tulijua kabla ya redio, mkwe. Tulinyamaza. Pengine alama ikitokea litakuwa zima, pengine la. Lakini mimi nililipakia mayai yakamwagika, na baada ya hapo nikampakia huyu."

Diao akavuta pumzi kama mtu aliyemwagiwa maji. Simu yangu ikatetemeka mfukoni, na bila kuitazama nilijua nimeshatolewa kundini.

Mama Jiaping aliniangalia kwa muda ambao hatukuwa nao. Nilingoja matusi. Nilingoja amshushe mtoto wangu chini, mbele ya mawifi.

Badala yake akautoa mguu wake kwenye boneti.

"Jishike vizuri, mwanangu," akamwambia Qiaoyun. "Juu ya gari hili hupiti, saa na igonge."

Kisha akageuka. Akaupa mlango wa ukumbi mgongo, akaanza kutembea peku kuelekea kwenye guta la Mama Gong, bibi harusi akiwa mgongoni kwake, na nyuma yetu saa ikaanza kugonga sita.